Mpiga Baragumu Aliyewekwa Namba Tisa

Anaeli Mbonea alikuwa na cheo kimoja tu duniani, nacho hakikuwa na mshahara. Alikuwa mpiga baragumu wa Irondo. Irondo iko juu milimani. Unaiacha lami pale Makanya, unapanda mpaka masikio yanaziba, na yakizibuka ujue umefika. Huko karibu kila kinachoonekana kimejengwa kwa msaragambo, yaani kazi ya mikono ya wote wakiitwa: barabara, zahanati, ndiva ya kukusanyia maji ya mashamba, kanisa la Walutheri, kanisa la Wakatoliki, na hata choo cha ofisi ya kijiji, ambacho kilikula misaragambo mitatu kwa sababu kamati haikuafikiana mlango utazame wapi.

Aliyewaita watu katika kazi hizo zote ni Anaeli. Baragumu lenyewe lilikuwa pembe ya tandala, refu kama mkono wa mtu mzima, jeusi kwa samli na kwa viganja vya watu waliokwisha kufa. Alilipokea akiwa na miaka ishirini na minne, siku tatu baada ya kumzika baba yake, na sasa alikuwa na sitini na sita. Pumzi yake aliitunza kama wengine wanavyotunza mbegu. Kanisani aliimba ubeti wa kwanza na wa mwisho, za katikati akawaachia wenye mapafu ya anasa. Hakugombana na mtu akiwa anapanda mlima. Aligombana akishafika.

Maana kugombana alijua. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huo ni uongo. Ng'ombe hauzwi mpaka ifike rufaa.

Sheria za baragumu zilikuwa mbili, na kwa kuwa hazikuandikwa popote, hakuna aliyeweza kuzibadilisha. Ya kwanza: halipigwi bure. Likilia, kazi iwepo. Asiyeonyesha kazi ananyang'anywa. Ndivyo lilivyoingia nyumbani kwa kina Anaeli. Aliyekuwa nalo zamani alilipiga asubuhi ya Krismasi akiwa amechangamka kwa pombe ya miwa. Watu wakaja na majembe, wengine na nguo za sikukuu, wakamkuta amelala. Alipoamka, baragumu lilikuwa limeshahama. Ya pili: mpigaji haiti watu kwa kazi yake mwenyewe. Akiita, watu watajuaje kesho kama anaita kwa ajili ya kijiji au kwa ajili ya banda lake?

Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa imeingia nyumbani kwake na kukaa mezani. Mvua kubwa za mwaka juzi zilibomoa mfereji wa maji kule mkiani, sehemu yenye mwamba. Mkia ule ulikuwa unanywesha nyumba nne. Mbili zimefungwa, wenyewe wako Dar es Salaam. Ya tatu ni ya mjane aliyehamia kwa binti yake Mwanga. Ya nne ni ya Anaeli. Kwa hiyo, kwa hesabu ya sheria, mfereji ule ulikuwa wake peke yake, na hakuuitia watu. Mke wake, Agatha, akawa anateka maji chemchemi ya bonde la pili, asubuhi na jioni, kwa ndoo.

"Baba Loth," Agatha alimwambia mara moja, "uliwaita watu mia mbili wakachimba choo cha ofisi."

"Choo kile ni cha wote."

"Sijawahi kukiingia."

"Hata hivyo ni cha wote."

Agatha akapendekeza basi yeye aende kumwomba mwenyekiti wa kijiji. Anaeli akakataa katakata. Mke wa mpigaji ni mdomo wa mpigaji, alisema, na mdomo ukiomba ni yeye ameomba. Agatha akamwacha na sheria zake. Kisha akachukua ndoo, kwa sababu maharage hayaivi kwa kesi.

Miaka hiyohiyo baragumu lenyewe lilikuwa linafifia, na hili Anaeli hakulizungumza na mtu. Aliita msaragambo wa daraja, wakaja kumi na moja. Akaita wa uzio wa shule, wakaja sita. Mara ya mwisho aliita wa kuzibua ndiva, wakaja wawili, na mmoja wao alikuwa anatafuta mbuzi wake. Wengine walisema hawakusikia. Kijiji kilikuwa na kundi la WhatsApp, na habari zote zilipita humo. Anaeli alikuwa na simu ya tochi.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa Chuo cha Irondo kilipopata mkuu mpya.

Chuo hicho ni cha wananchi kweli, si kwa jina. Kilijengwa mwaka themanini na tano kwa mawe ya mtoni yaliyopandishwa mabegani, na Anaeli aliwaita watu siku sitini na tatu, akiwa kijana mwenye meno yote. Kinafundisha kilimo, useremala, ushonaji na umeme. Wakuu wake wote walikuwa watoto wa mlimani. Huyu mpya, Daktari Ikupa Mwaisaka, mtaalamu wa udongo, alitoka Tukuyu. Watu walisema hawana neno. Walilisema hilo kwa wiki tano mfululizo, kisimani, dukani na baada ya ibada: hawana neno kabisa, ila jiwe walibeba Wapare.

Kamati ya sherehe ya kumsimika ilikuwa na katibu kijana aitwaye Rodrick, mtumishi wa chuo, ambaye alitembea na simu mbili na kuzitazama zote kwa pamoja. Wiki moja kabla ya sherehe alifika kwa Anaeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu au umetumwa?"

"Nimetumwa. Tumekuweka kwenye ratiba, mzee. Namba tisa. Baada ya kwaya, kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Dakika tatu. Utatupigia baragumu kidogo, watu wafurahi."

Anaeli alimweleza kwamba baragumu si zeze. Zeze lina nyimbo; baragumu lina neno moja, nalo ni "njooni kazini." Likipigwa bila kazi linachukuliwa. Alieleza habari ya Krismasi. Rodrick alisikiliza kwa adabu yote huku kidole kikiendelea na kazi nyingine kwenye simu.

"Mzee, kazi itakuwepo. Mgeni rasmi atapanda mti wa kumbukumbu. Namba kumi na mbili. Kupanda mti si kazi?"

"Mti mmoja?"

"Mmoja, lakini mkubwa."

Anaeli aliutafakari mti ule. Mti ni kazi. Shimo huchimbwa, udongo hurudishwa, maji humwagwa. Na watu wenyewe, alijiambia, hawatanyanyuka. Mara ya mwisho walikuja wawili. Watapiga makofi, mti utapandwa, sheria itakuwa imetimia. Hayo ndiyo aliyojiambia. Ukweli ni kwamba Rodrick alikuwa amemwonyesha ratiba iliyochapishwa, karatasi ya kung'aa, na pale kwenye namba tisa pameandikwa "Bw. Anaeli Mbonea," na tangu azaliwe hakuwahi kuona jina lake limechapishwa mahali pengine zaidi ya kwenye orodha ya wadaiwa wa michango ya mwenge. Alitamani. Mtu mzima hutamani pia.

"Mradi mti uwe baada yangu," alisema.

"Baada yako, mzee. Kumi na mbili inakuja baada ya tisa."

Siku ya siku, Jumamosi, uwanja wa chuo ulijaa. Mahema yalipandishwa kutoka Same, viti vikavalishwa nguo nzuri kuliko baadhi ya waliovikalia. Walikuja watu kama mia nne, maana hakuna Mpare anayekosa tukio ambalo anaweza baadaye kulilalamikia. Anaeli alivaa koti la harusi ya mwanawe Loth. Baragumu alilipaka samli, akalifunga kwenye khanga ya Agatha, akalipakata kama mtoto wa ubatizo.

Mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mkoani, alifika saa tano badala ya saa tatu, na akasema saa nane ana shughuli nyingine Mwanga. Rodrick akafanya kile ambacho kila katibu wa kamati hufanya: akaipangua ratiba palepale. Mgeni rasmi alipelekwa nyuma ya maktaba, akapiga koleo tatu, akapigwa picha tisa, mti ukamwagiwa maji na kubandikwa kibao. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mzee mmoja aliyekaa safu ya nne kwamba namba kumi na mbili imeshapita.

Kisha Daktari Ikupa akavishwa joho. Lilikuwa refu kwake, akalishika kwa mkono mmoja kama mama anayevuka tope. Akakabidhiwa katiba ya chuo na ufunguo mkubwa wa mbao usiofungua chochote. Watu wakapiga makofi ya watu wasio na neno. Kwaya ikaimba. Rodrick akashika kipaza sauti.

"Namba tisa! Burudani ya asili! Mpiga baragumu wetu!"

Anaeli alisimama, akafungua khanga, akaenda katikati ya uwanja. Neno burudani lilimchoma, lakini alikwisha kusimama. Akavuta pumzi ya beti zote ambazo hakuziimba mwezi ule. Akapiga: mlio mrefu mmoja, mifupi miwili. Ukaenda ukagonga mlima wa pili ukarudi.

Wageni wa meza kuu walipiga makofi. Mgeni rasmi aliinama akamwambia jirani yake kwamba utamaduni ni kitu kizuri.

Mama Dorkas alikuwa safu ya mbele, miaka sabini na ushee, mwanamke aliyebeba mawe ya chuo kile akiwa na mimba. Alimgusa mjukuu wake. "Nyanyuka," alisema. "Twende tukachukue jembe."

Akanyanyuka. Safu ya pili wakamwona, wakanyanyuka. Nyumbani mtu anaweza kusema hakusikia, upepo ulikuwa unavuma kwingine. Lakini pale uwanjani kila mtu alikuwa amemwona kila mtu akisikia. Hata kiziwi alikuwa ameyaona mashavu ya Anaeli. Baki kwenye kiti, na wajukuu zako wataambiwa. Wazee walivua makoti. Akina mama walifunga khanga viunoni. Mahema yalianza kumwaga watu kama gunia lililotoboka, bila kelele, bila kusukumana, kila mmoja akielekea kwake.

"Wageni waalikwa, tunaomba tutulie," alisema Rodrick kwenye kipaza sauti. "Ratiba inaendelea. Chakula kipo. Jamani, chakula kipo!"

Hata chakula hakikuwazuia, na hapo Rodrick akajua kuna tatizo.

Anaeli alibaki katikati ya uwanja. Alikuwa na furaha aliyoionea aibu. Miaka miwili alikuwa akilala na swali la kama pumzi yake bado ina maana, na sasa mia nne walikuwa wamejibu wakiwa na nguo za kutokea. Akaenda nyuma ya maktaba, palipotajwa kwenye ratiba, kutafuta shimo la mti. Akakiona kibao.

Baada ya robo tatu ya saa walirudi. Walirudi na majembe, sululu, mapanga, makarai, na mmoja na toroli. Mbele yao alikuwa Mzee Ibrahimu, msimamizi wa misaragambo, mtu mfupi ambaye katika maisha yake aliwahi kushindwa kesi moja tu, na hiyo bado haijaisha.

"Baragumu limelia," alisema Mzee Ibrahimu. "Kazi iko wapi?"

"Wazee wangu," alisema Rodrick, "ile ilikuwa burudani tu."

Mzee Ibrahimu alimtazama kama mtu aliyetema mate kanisani.

"Niliahidiwa mti," alisema Anaeli.

Wakaenda wote kuutazama mti. Ulikuwa umepandwa, umemwagiwa maji, una kibao. Kijana mmoja alipendekeza ung'olewe upandwe upya, na wazo hilo lilijadiliwa kwa uzito mkubwa, kwa kanuni na kwa mifano, mpaka Mzee Ibrahimu aliposema kwamba watu mia nne kwa mti mmoja ni zaidi ya watu wanne kwa jani, na kwamba kazi iliyofanywa si kazi, ni historia.

"Anaeli," akasema, kwa sauti ya chini kidogo. "Sheria unaijua."

Anaeli aliijua. Alikwenda meza kuu, akaliweka baragumu kati ya chupa za maji za wageni. Hakubisha. Jambo hilo liliwatisha waliomfahamu, maana hawakuwahi kumwona akipokea hukumu bila kuuliza imetolewa na nani. Koti la harusi lilionekana kubwa ghafla. Alihisi uchungu mtupu, wa kitoto: miaka arobaini na miwili, na analipoteza kwa sababu ya karatasi inayong'aa.

Hapo Agatha akasimama.

"Kazi ipo," alisema.

"Mama Loth, kaa."

"Sikai. Mfereji wa mkiani umebomoka tangu mwaka juzi. Ile si kazi?"

"Ni kazi yangu!" alifoka Anaeli. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kupandisha sauti. "Mpigaji haiti watu kwa kazi yake. Afadhali lichukuliwe."

"Wewe afadhali," alisema Agatha. "Ndoo unabeba wewe?"

Mzee Ibrahimu alifumba macho kwa raha ya mtu aliyeonjeshwa asali. Kazi ipo, kwa hiyo sheria ya kwanza inasema baragumu lirudi. Kazi ni ya mpigaji, kwa hiyo sheria ya pili inasema lisirudi. Haikuwahi kutokea. Wazee walianza kutafuta vivuli na mahali pa kuegesha majembe. Ilikuwa dhahiri kwamba shauri lingechukua siku kadhaa.

"Naomba kuuliza," alisema Daktari Ikupa.

Walikuwa wamemsahau. Alikuwa bado ameshika joho lake kwa mkono mmoja.

"Shikamooni wazee. Mimi ni mgeni. Nani alimwomba mzee apige?"

"Kamati," alisema Rodrick, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu.

"Na kamati ilikuwa ya nani?"

"Ya chuo."

"Kwa hiyo aliyeita watu ni chuo. Yeye katoa pumzi tu. Na chuo, kuanzia saa sita ya leo, ni mimi." Akageukia umati. "Kosa ni letu. Tuliita watu bila kujua tunaita. Naomba mtusamehe."

Watu walitazamana. Irondo ilikuwa imeishi na ofisi za kila aina, za mkoloni, za chama na za mradi wa maji, na hakuna hata moja iliyowahi kusema kosa ni letu. Hawakujua wafanye nini. Mwanamume mmoja alivua kofia.

"Aliyeita," aliendelea Daktari Ikupa, "ndiye anayechagua kazi?"

"Ndiye," alisema Mzee Ibrahimu, akiwa macho sasa. "Na lazima aishike mwenyewe."

"Basi nachagua mfereji wa mkiani. Naombeni jembe."

Mzee Ibrahimu aliipitia hoja ile kutoka pande zote, kama mtu anayenunua ng'ombe. Hakuona kovu. Akachukua baragumu mezani, akamrudishia Anaeli. "Shika," alisema. "Na huyu," akamwambia jirani yake kuhusu mkuu wa chuo, "anatoka Tukuyu una hakika?"

Waliondoka. Daktari Ikupa alilikunja joho juu ya kiti, akaazima mabuti ya shamba la chuo. Mgeni rasmi alibaki na hotuba ya kurasa kumi na moja, na kwa kuwa ilikuwa imeandikwa, aliisoma, mbele ya kwaya, wapishi na mbuzi wa zawadi. Walipiga makofi kila palipostahili.

Kule mkiani, Anaeli alivua koti akaokota sululu. Mzee Ibrahimu akamnyang'anya. "Mwenye kazi halimi. Mwenye kazi hupokea watu."

Anaeli hakujua mwenye kazi husimama wapi. Maisha yake yote alikuwa aliyeita. Hakuwahi kuwa aliyeitiwa. Alijaribu kusimama juu ya ukingo, akaambiwa anazuia udongo. Akajaribu chini, akaambiwa anazuia mawe. Mwishowe alikaa kwenye jiwe, mikono magotini, akitazama watu waliokuwa hawana neno wakimfundisha mkuu wa chuo namna ya kupachika jiwe la mfereji, na mkuu wa chuo akiwafundisha kwa nini udongo ule wa njano hauzuii maji. Pilau ya sherehe ililetwa kwa toroli.

Jua lilipozama ulibaki mwamba, kama hatua ishirini. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Ikabaki Jumatatu, na ikazuka kesi nyingine: mwito mmoja ni siku moja, na mwito wa chuo ulikuwa umekwisha. Nani ataita Jumatatu? Anaeli haruhusiwi. Shauri liliahirishwa, watu wakaenda zao.

Jumatatu Anaeli aliamka saa yake ya siku zote. Alikaa mlangoni bila kuligusa baragumu. Alijua watu wake: Jumamosi walikuja kwa sababu walionana wakisikia. Leo hakuna aliyesikia chochote. Mwamba ungebaki mwamba, na hakumlaumu mtu. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipopewa pembe ile: usipoita, haji mtu.

Akasikia chuma kikigonga jiwe.

Alipanda mbio, bila kutunza pumzi. Walikuwa ishirini hivi. Mama Dorkas alikaa akichambua kokoto. Mzee Ibrahimu alikuwa na nyundo. Rodrick alikuwa na malengelenge, na simu hazikuonekana. Daktari Ikupa alikuwa ndani ya mfereji hadi magotini.

"Nani amewaita?" aliuliza Anaeli.

Walitazamana. Mzee Ibrahimu, ambaye siku nyingine angefungua kesi, aliinua nyundo akagonga tena.

"Umeamkaje, mwenye kazi," alisema Mama Dorkas. "Maji ya kunywa yako wapi? Watu wana kiu."

Agatha alikuwa jikoni na makande ya watu ishirini. Anaeli aliitwaa ndoo ukutani akashuka chemchemi ya bonde la pili. Njia ilikuwa ya mtu mmoja, imechimbika katikati kwa kukanyagwa. Mahali penye utelezi palikuwa na vijishimo vya vidole, vimechongwa kidogokidogo na mguu uleule. Aliteka, akajitwisha begani, akaanza kupanda. Alipumzika mara ya kwanza. Akapumzika mara ya pili. Kwenye jiwe la tatu la kupumzikia, ambalo lilikuwa limesuguliwa likang'aa na mtu aliyekuwa akikaa hapo kila siku, Anaeli alikaa na kulia, machozi ya wazi, na hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Alifika jikoni bega limelowa. Aliitua ndoo. Ilikuwa imebaki nusu.

"Mama Loth," alisema. "Ni mbali."

"Ndiyo," alisema Agatha. "Ni mbali."